Mradi mkubwa wa nyumba ukija kijijini: pimeni kabla tingatinga halijafika

Tangazo la mradi wa nyumba mia nne likibandikwa katika kijiji chenye kaya mia moja, watu hugawanyika siku hiyohiyo. Wapo wanaoona ajira na barabara, wapo wanaoona ardhi ikiondoka. Mabishano huwa makali kwa sababu kila mtu anabishania jambo ambalo hakuna aliyelipima. Mimi ni fundi wa visima na pampu. Nimeitwa vijijini nyumba zikiwa zimeshajengwa na maji yameshapungua, na huwa nauliza swali moja kwanza: kisima hiki kilikuwa kikitoa kiasi gani kabla ya mradi? Mara nyingi najibiwa, "Kilikuwa kinatutosha." Jibu hilo ni la kweli, lakini halina nguvu mbele ya mhandisi wa mwekezaji, na mbele ya hakimu ndiyo kabisa.

Kwa hiyo nitawaeleza namna ya kuujua mradi utawafanyia nini, mkiwa na namba zenu wenyewe mkononi. Sisemi mkatae. Kijiji ambacho vijana wamekihama na shule yake inakaribia kufungwa kwa kukosa watoto kinaweza kufufuka kwa wakazi wapya. Ninachotaka ni mkae mezani mkijua mnacho nini.

Anzeni na maji

Chukueni ndoo ya lita 20 na saa yenye mshale wa sekunde. Acheni pampu ifanye kazi kama kawaida kwa nusu saa hivi, kisha pimeni ndoo inajaa kwa sekunde ngapi. Ikijaa kwa sekunde 24, kisima chenu kinatoa lita 3,000 kwa saa. Halafu pimeni kina cha maji: fungeni kipande cha chuma kwenye kamba isiyorefuka ikivutwa, pakeni chaki mita chache za mwisho, teremsheni mpaka chuma kiguse maji na kuzama kidogo, tieni alama kwenye kamba penye mdomo wa kisima, kisha vuteni. Chaki iliyolowa hubadilika rangi, na mpaka wake unaonekana wazi. Pimeni kamba kutoka hapo hadi alama ya mdomo wa kisima. Fanyeni hivyo asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota, kila mwezi, kiangazi na masika. Andikeni tarehe, saa, kipimo na majina ya waliokuwepo, wote watie sahihi. Daftari hilo lina thamani kuliko hotuba kumi.

Pelekeni pia maji maabara mara moja kabla ya ujenzi. Ombeni wapime bakteria wa kinyesi, wale wanaoitwa E. koli, na naitreti, kemikali itokayo kwenye mbolea na kinyesi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na E. koli hata mmoja katika mililita 100, na naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Cheti cha maabara chenye tarehe ya kabla ya mradi hakiwezi kutafutwa baadaye.

Sasa geukieni mradi. Nyumba 400 zenye watu watano kila moja ni watu 2,000. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, hiyo ni lita 200,000 kila siku. Kisima chenu cha lita 3,000 kwa saa kikivutwa saa kumi kinatoa lita 30,000. Zinahitajika nguvu za visima saba vya aina hiyo, na hapo hatujahesabu bustani, kuosha magari wala mabomba yanayovuja. Muulizeni mwekezaji maji hayo yatatoka wapi. Akisema atachimba kisima kirefu, msifurahi haraka. Kisima kikivutwa kwa nguvu hushusha maji ya ardhini pande zote kukizunguka, na visima vifupi vya jirani hukauka kwanza. Dai lenu liwe hili: pampu ya kisima kipya ifanyiwe jaribio la siku tatu mfululizo, nanyi mkiwa mnapima visima vyenu muda huohuo, kabla ya kibali kutolewa.

Maji yanayoingia lazima yatoke. Wahandisi wengi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji ya nyumbani hugeuka maji taka. Kwa mradi wetu huo ni lita 160,000 kwa siku. Zikienda kwenye mashimo ya nyumba kwa nyumba, someni ramani kwa makini: mwongozo unaotumika sana unataka shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Kwenye mawe yenye nyufa au chokaa, umbali huo hautoshi. Wakijenga mtambo wa kusafisha maji taka, ulizeni nani atalipa umeme na fundi wake mwaka wa tano, mwekezaji akiwa ameshauza nyumba ya mwisho na kuondoka.

Na mvua je? Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta moja ni lita 500,000. Ilipokuwa malisho, sehemu kubwa ilizama ardhini. Ikishakuwa mabati, lami na zege, karibu yote hukimbia, na hukimbia kwa wakati mmoja. Simameni kwenye kalvati iliyo chini ya eneo la mradi, pimeni upana na urefu wake, pigeni picha siku ya mvua kubwa ikionyesha maji yamefika wapi. Kama maji tayari yanafika ukingoni sasa, mradi usio na mabwawa ya kupokea maji ya mvua utawaletea mafuriko.

Barabara

Watu huogopa magari ya wakazi wapya, na wana haki. Nchini Marekani wapangaji hukadiria safari tisa hadi kumi za gari kwa siku kwa kila nyumba ya familia moja. Mahali ambapo wachache wana magari hesabu itakuwa ndogo, lakini pikipiki na mabasi yataongezeka. Hata hivyo, barabara ya kijiji huuawa mapema zaidi, wakati wa ujenzi. Majaribio makubwa yaliyofanywa jimbo la Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ekseli ya tani kumi huumiza barabara mara elfu kumi kuliko ekseli ya tani moja. Lori la kokoto linalopita mara ishirini kwa siku, miaka mitatu, linaweza kuimaliza barabara ambayo magari madogo yangeitumia kizazi kizima.

Piteni barabara nzima mkipiga picha kila mita hamsini, nyufa na mashimo yote, kabla lori la kwanza halijaingia. Msisahau njia za miguu, njia za mifugo na njia za kwenda makaburini. Njia hizo mara nyingi hazimo kwenye ramani, na kisichokuwamo kwenye ramani hujengewa ukuta. Wazee wapite nazo, kijana mwenye simu azirekodi kwa GPS, kisha zipelekwe kwa maandishi ofisi ya ardhi.

Kusoma ripoti

Sheria ya kwanza ya kitaifa iliyolazimisha tathmini ya athari kwa mazingira ilitoka Marekani, ikatiwa sahihi tarehe 1 Januari 1970. Mwaka 1992 Azimio la Rio likaiweka kama kanuni ya dunia, pamoja na haki ya wananchi kupata taarifa na kushiriki maamuzi. Leo nchi karibu zote zina sheria ya namna hiyo, ingawa si kila mradi wa nyumba unaangukia humo; inategemea ukubwa na mahali. Ombeni ripoti nzima ya tathmini hiyo. Muhtasari wa kurasa sita haufai, maana mambo yenyewe yamo kwenye viambatisho.

Mimi huanza na tarehe. Magari yalihesabiwa lini? Kama ni likizo ya shule, hesabu hiyo ni ndogo kuliko hali halisi. Maji yalipimwa lini? Kama ni mwisho wa masika, kisima chochote kinaonekana tajiri. Halafu natafuta namba ambazo kijiji kinaweza kuzihakiki: ripoti ikisema kuna visima vinne na ninyi mnavyo tisa, aliyeiandika hakufika kwenu. Mwisho naangalia kama ni mradi mzima unaotathminiwa au ni awamu ya kwanza tu. Nyumba 400 zikigawanywa awamu nne za mia mia, kila awamu huonekana ndogo. Dai tathmini ya zote kwa pamoja.

Watu

Hapa mimi si mtaalamu, lakini nimeona ya kutosha. Tofauti kubwa haiko kwenye idadi ya nyumba, iko kwenye nani ataishi humo. Familia zinazokaa mwaka mzima hujaza madarasa na kuyapa mabasi abiria. Nyumba za mapumziko hukaa zimefungwa miezi mingi, ilhali bei ya ardhi na kodi imeshapanda kwa wote, na mtoto wa kijiji anayetaka kuoa hapati kiwanja alikozaliwa. Ombeni sehemu ya nyumba itengwe kwa wenyeji kwa bei wanayoiweza, na sharti hilo liandikwe kwenye kibali.

Zungumzeni mapema pia kuhusu harufu ya samadi, vumbi la mavuno na jogoo. Nchini Ufaransa, mwaka 2019, jogoo mmoja wa kisiwa cha Oléron alifikishwa mahakamani kwa kuwika alfajiri, akashinda, na mwaka 2021 nchi hiyo ikatunga sheria inayolinda sauti na harufu za mashambani. Kijiji kinaweza kudai sentensi moja katika mkataba wa mauzo ya kila nyumba: mnunuzi anajua anahamia penye mifugo na kilimo.

Ahadi ziwe masharti

Ahadi ya mkutanoni haimfungi mtu. Kinachomfunga ni sharti la kibali lenye kitu, kiasi na wakati. "Tutaboresha barabara" halina maana. "Hakuna nyumba ya 51 itakayokaliwa kabla barabara kutoka darajani hadi shuleni haijawekwa lami" lina meno, kwa sababu mwekezaji hawezi kuuza bila kulitimiza. Fungeni kila huduma kwa idadi ya nyumba: madarasa, zahanati, mtambo wa maji taka.

Dai pia dhamana ya benki ya kumaliza kazi kampuni ikifilisika. Ayalandi, baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, ukaguzi wa serikali mwaka 2010 ulikuta zaidi ya mitaa 2,800 ya nyumba ambazo hazijakamilika, mingine bila taa, bila lami, bila mfereji wa maji taka uliounganishwa. Walioteseka walikuwa wale waliokwisha kuhamia, na vijiji vilivyozungukwa na magofu hayo.

Kwa kazi hii yote chagueni watu watano wasiokuwa na ardhi ya kuuza kwa mradi. Wawili wapime maji, wawili barabara na njia, mmoja atunze nyaraka. Nakala za daftari na picha ziwekwe sehemu tatu, mojawapo nje ya kijiji. Endeleeni kupima kila mwezi ujenzi ukiendelea, na maji ya kisima yakishuka chini kuliko kipimo chochote mlichokipata kiangazi kilichopita, pelekeni barua kwa mamlaka ya maji wiki hiyohiyo, nakala kwa mwekezaji, mkibaki na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.