Jinsi ya kujitolea kuandika nyaraka za QGIS, hatua kwa hatua

Kila ninapofundisha QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani, hakosi mtu wa kuniuliza: mimi si mprogramu, lugha ya C++ siijui, sasa nitachangia nini? Jibu langu siku zote ni nyaraka. Programu hii ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na mwongozo wake kwa sehemu kubwa unaandikwa na watu wa kujitolea kama wewe. Huku kwetu imetumika sana. Ramani Huria, ule mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kuchora mitaa inayofurika, ulifundisha vijana wengi kuitumia. Wengi wao wameishika vizuri kuliko wanavyodhani, ila hawajui pa kuanzia kuchangia.

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kumsaidia kijana mmoja hadi badiliko lake la kwanza likapokelewa. Nachukulia kwamba QGIS unaijua na Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, umeisikia. Kama Git huijui kabisa, tafuta kwanza somo lolote fupi, halafu urudi.

Hatua ya 1: Anzia pale palipokukwamisha

Usianze kwa kusoma mwongozo mzima ukitafuta makosa. Utachoka kabla hujafika popote. Anza na swali ulilowahi kuuliza, au linaloulizwa kila siku kwenye kundi lenu la WhatsApp.

Huyu kijana alikuwa na leya (tabaka la data kwenye ramani) ya visima na alitaka duara la mita 100 kuzunguka kila kisima. Akafungua zana ya Buffer, akaandika 100, akabofya. Ramani nzima ikawa rangi moja. Leya yake ilikuwa kwenye mfumo wa majiranukta (namna ya kutaja mahali kwa namba) wa EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo, kwa hiyo ile 100 ilisomwa kama nyuzi 100, siyo mita. Uzi mmoja kwenye ikweta ni karibu kilomita 111. Piga hesabu mwenyewe. Dawa yake ni kuihamishia leya kwenye mfumo unaopima kwa mita, na kwa Dar es Salaam huo ni EPSG:32737. Ni kweli QGIS huonyesha alama ndogo ya onyo pembeni ya kisanduku cha umbali. Lakini mtu asiyejua kwa nini anaonywa anapita tu.

Hiyo ndiyo sentensi ya kuandika: umbali unasomwa kwa kipimo cha mfumo wa majiranukta wa leya, kwa hiyo angalia mfumo huo kabla ya kuandika namba. Ni sentensi moja tu, lakini imetoka kwa mtu aliyeungua, ndiyo maana ina thamani. Msanidi aliyeitengeneza zana hawezi kuliona hilo shimo, kwa sababu yeye hajawahi kutumbukia.

Kama huna lako, nenda kwenye orodha ya tiketi (kazi zinazosubiri mtu) za QGIS-Documentation, ile repo, yaani hazina ya faili za nyaraka, iliyoko kule GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git. Kipengele kipya kinapoingia kwenye programu kikiwa kimewekwa alama kwamba kinahitaji maelezo, roboti hufungua tiketi upande wa nyaraka na kuiwekea lebo ya toleo. Ziko nyingi, na nyingine zina miaka. Lakini tahadhari: nyaraka zilizoko kwenye tawi (mkondo wa kazi ndani ya repo) la `master` zinahusu toleo ambalo bado linajengwa. Kipengele unachotaka kukielezea huenda hakimo kabisa kwenye QGIS ya ofisini kwako. Huwezi kuelezea kitu ambacho hujakibofya. Ama shusha toleo la majaribio (kwenye Windows linapatikana kupitia kisakinishi cha OSGeo4W), ama chagua tiketi inayohusu kitu cha zamani.

Halafu kuna swali la Kiswahili, ambalo huwa haliniepuki: "Si bora nitafsiri?" Tafsiri ni kazi nzuri, ila ina mlango wake, tovuti ya kutafsiria iitwayo Transifex. Ukituma faili za tafsiri moja kwa moja kwenye repo utarudishwa. Na tafsiri hufuata matini ya Kiingereza, kwa hiyo pengo likiwa kwenye Kiingereza utatafsiri pengo. Mimi nashauri uzibe kwanza kwenye asili. Kiingereza chako kisikutie hofu. Sentensi fupi za mtu aliyejifunza lugha ukubwani mara nyingi husomeka vizuri kuliko mbwembwe za mwenye lugha, na wahakiki watakurekebishia sarufi bila maneno mengi.

Hatua ya 2: Kama ni neno moja, usijisumbue

Kosa la herufi, kiungo kilichokufa, namba iliyogeuka: fungua faili hiyo GitHub kwenye kivinjari, bofya alama ya penseli, rekebisha, tuma. GitHub yenyewe itakutengenezea nakala na tawi. Umemaliza, ruka hadi hatua ya 7.

Ila usijaribu njia hii kwa jedwali, orodha ya hatua au picha. Utatuma kitu ambacho hujakiona kikisomeka.

Hatua ya 3: Shusha repo bila kumaliza bando

Tengeneza nakala ya repo (kitufe cha Fork) kwenye akaunti yako ya GitHub. Sasa usikimbilie `git clone` ya kawaida. Repo hii imejaa picha za skrini na matoleo yake yote ya zamani, na ukishusha historia nzima kwa bando la simu utajuta. Wengi watakwambia utumie `--depth 1`. Mimi siipendi. Inakata historia, na siku utakapotaka kulinganisha tawi lako na la wenzako itaanza kukusumbua. Tumia hii:

```
git clone --filter=blob:none https://github.com/JINA-LAKO/QGIS-Documentation.git
cd QGIS-Documentation
git remote add upstream https://github.com/qgis/QGIS-Documentation.git
git fetch upstream master
git switch -c umbali-wa-buffer upstream/master
```

Historia yote inakuja, lakini yaliyomo kwenye faili yanashushwa pale tu yanapohitajika. Hasara yake ni kwamba ukiwa huna mtandao, amri zinazochungulia maandishi ya zamani kama `git blame` zitagoma. Naikubali hasara hiyo.

Ule mstari wa mwisho una maana yake. Tawi linaanza kutoka `upstream/master`, yaani repo asilia ya QGIS, siyo kutoka `master` ya nakala yako, ambayo baada ya muda itakuwa imepitwa na wakati.

Hatua ya 4: Andika

Hapa ndipo masaa yanapopotelea, kwa hiyo tuliza akili.

Nyaraka za QGIS zimeandikwa kwa reStructuredText, siyo Markdown, na Sphinx ndiyo inayozigeuza kuwa kurasa za wavuti. Ukiwa na mazoea ya Markdown, mikono yako itakusaliti. Alama moja ya `` ` `` (backtick) kila upande wa neno haileti msimbo. Msimbo unataka mbili mbili. Orodha isipotanguliwa na mstari mtupu haiwi orodha, inamezwa na aya iliyo juu yake. Mstari unaopigwa chini ya kichwa cha habari usiwe mfupi kuliko kichwa chenyewe. Haya yote Sphinx au macho yako yatayakamata haraka.

Lisilokamatwa haraka ni nafasi za mwanzo wa mstari. Tazama hii:

```
#. Chagua leya ya visima.

  .. figure:: img/visima.png

#. Andika umbali.
```

Kwa macho haina shida. Ukijenga ukurasa, Sphinx hailalamiki hata kidogo. Lakini fungua ukurasa wenyewe: hatua ya kwanza ni 1, inafuata picha, halafu hatua ya pili nayo ni 1. Orodha imekatika katikati. Alama ya `#.` pamoja na nafasi yake inachukua herufi tatu, kwa hiyo chochote kinachopaswa kubaki ndani ya hatua hiyo lazima kitanguliwe na nafasi tatu, kianzie chini kabisa ya herufi ya kwanza ya sentensi. Hapo juu ziko mbili. Sphinx imeelewa kwamba orodha imekwisha, picha ni aya iliyosogezwa ndani, na `#.` inayofuata ni orodha mpya inayoanza upya kuhesabu. Sahihi ni hivi:

```
#. Chagua leya ya visima.

   .. figure:: img/visima.png

#. Andika umbali.
```

Ukiweka nne badala ya tatu, orodha haikatiki, ila picha inasogea kulia bila sababu, na hapo pia hakuna onyo. Mbaya zaidi, orodha ya nukta inayoanza na `*` inataka nafasi mbili. Kwa hiyo ukichukua kipande cha picha kutoka orodha ya nukta ukakibandika kwenye orodha ya namba, umepata kosa ambalo huwezi kuliona kwenye kihariri. Huyu kijana wangu alifanya hivyo hivyo, akawa anahesabu hatua upya akidhani namba zinaandikwa kwa mkono. Orodha ikiwa ndani ya orodha, kila ngazi inataka ujongeze upya kutoka ngazi iliyo juu yake, na mstari mtupu kabla na baada. Na kama kihariri chako kinaweka tabu badala ya spasi, mfumo unaihesabu tabu kama unavyotaka wenyewe, yaani hadi safu ya nane. Zima tabu kabisa.

Ushauri wangu ni VS Code yenye mpangilio wa kuonyesha spasi kama vinukta. Notepad++ nayo inatosha. Word hapana, hata kwa rasimu. Inageuza alama za kunukuu kuwa zile zilizopinda na utazikuta zimekaa kwenye mifano ya msimbo. Nikiwa na shaka na orodha huweka kielekezi kwenye herufi ya kwanza ya sentensi, naangalia namba ya safu pale chini ya dirisha, halafu nashuka nacho hadi kwenye picha. Namba hizo mbili lazima zilingane.

Vitufe na menyu vina alama zake: `` :guilabel:`Run` `` kwa kitufe, `` :menuselection:`Vector --> Geoprocessing Tools` `` kwa njia ya menyu. Usikisie nyingine. Fungua ukurasa jirani kwenye folda ya `docs/user_manual`, uone wenzako walivyofanya, uige.

Na usinakili kutoka kitabu au kozi ya mtu. Nyaraka hizi ziko chini ya leseni ya GNU FDL, na unachotuma lazima kiwe chako.

Hatua ya 5: Picha

Iwe PNG. Kata dirisha linalohusika tu, siyo skrini nzima yenye jina la mwajiri wako na barua pepe zilizofunguka nyuma. Kiolesura kiwe cha Kiingereza. Na kama sentensi inatosha, acha picha. Kila picha utakayoiongeza kuna mtu atalazimika kuipiga upya toleo lijalo.

Hatua ya 6: Jenga ukurasa uusome

```
python3 -m venv venv
source venv/bin/activate
pip install -r REQUIREMENTS.txt
make html
```

Kwenye Windows inawezekana, ila mimi hutumia Linux ndani ya WSL (njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows) na sijaona sababu ya kubadili. Mara ya kwanza itachukua muda, nenda kachemshe chai. Zinazofuata ni za haraka kwa sababu inajenga tu ulichogusa.

Ikimaliza, fungua ukurasa wako ndani ya folda ya `build`. Halafu fungua QGIS pembeni na ufuate ulichoandika neno kwa neno, kana kwamba hujui chochote. Ukijikuta unabofya kitu ambacho hakimo kwenye maandishi, rudi ukiandike. Kama unaye mtu karibu, mpe yeye, na wewe ukae kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi ngumu.

Hatua ya 7: Tuma, kisha ujibu

`git add`, `git commit`, `git push origin umbali-wa-buffer`, halafu fungua ombi la kuunganisha (pull request) kule GitHub. Jambo moja kwa ombi moja. Ukichanganya maelezo ya Buffer na masahihisho ya herufi kwenye kurasa nyingine ishirini, mhakiki ataliweka pembeni hadi apate wikendi, na wikendi haiji. Kwenye maelezo taja namba ya tiketi, na kama hakuna, eleza kwa sentensi mbili nani anakwama na wapi.

Mitambo ya GitHub itajenga nyaraka upya yenyewe. Ukiona alama nyekundu, soma kumbukumbu yake (log) kabla ya kuuliza. Wahakiki nao ni watu wa kujitolea wenye kazi zao, kwa hiyo ukimya wa wiki nzima si dharau. Wakija na maoni, mara nyingi yatakuwa makavu: badilisha hili, ondoa lile. Usiandike insha ya kujitetea. Rekebisha kwenye tawi lile lile, sukuma tena, ombi litajisasisha. Ukiona wamekosea kuhusu jinsi zana inavyofanya kazi, weka picha ya ulichokiona wewe na toleo la QGIS unalotumia, mjadala utaisha hapo.

Ikiwa `master` imesogea mbele na kuna mgongano:

```
git fetch upstream master
git rebase upstream/master
git push --force-with-lease origin umbali-wa-buffer
```

Usitumie `--force` tupu. Mhakiki anaweza kuwa amesukuma rekebisho dogo kwenye tawi lako, nawe utalifuta bila kujua.

Mwisho, kama kosa ulilorekebisha lipo pia kwenye nyaraka za toleo imara, liseme kwenye ombi lako. Wasimamizi wataweka lebo ya tawi la toleo hilo, na roboti itanakili badiliko lako huko bila wewe kufanya kazi mara mbili. Baada ya hapo futa tawi, na la kazi inayofuata ulianzishe upya kutoka `upstream/master`.