Ukisikia uvumi kwamba padre ni shoga: la kufanya, hatua kwa hatua

Maneno haya huanza kwa kunong'onezana baada ya sala ya jumuiya, yakahamia kwenye kundi la WhatsApp la kigango, na muda si mrefu hata watoto wa Utoto Mtakatifu wanayarudia. Mwenyekiti wa jumuiya, katekista au mjumbe wa halmashauri ya walei anajikuta anaulizwa, "Ninyi viongozi mnasemaje?" Mwongozo huu ni wake, na ni wa Mkatoliki yeyote aliyesikia jambo kuhusu padre au frateri (anayesomea upadre) na hajui alipeleke wapi, au kama lina pa kupelekwa.

Kaa chini uandike

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, chukua karatasi uigawe safu tatu: *Niliona au nilisikia mwenyewe*, *Niliambiwa*, *Nadhani*. Katika safu ya pili andika jina la aliyekuambia, na yeye alijuaje. Usiandike "watu wanasema". Kama huna jina la mtu, neno hilo linahamia safu ya tatu.

Sasa yapange yote unayoyajua. "Hana mazoea na wanawake." "Ana sauti laini." "Anapenda mno kupamba altare." "Kuna kijana haishi kwenda nyumba ya mapadre." Yote haya yanakwenda safu ya tatu. Kijana anaweza kuwa mwanakwaya, mlipiwa ada, au mtu mwenye shida ambayo padre hana ruhusa ya kuieleza. Mara nyingi kazi hii ikimalizika, safu ya kwanza ni tupu na ya pili ina jina moja la mtu ambaye naye aliambiwa. Ikiwa ndivyo, huna cha kupeleka popote. Chana karatasi, na ukiulizwa tena jibu: "Mimi sijui lolote, na wewe kama unajua, nenda kwa mwenye mamlaka."

Kuliamini jambo baya la mwenzako bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, ni kosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaliita kosa hilo kuhukumu, na inalitenganisha na mengine mawili: kusengenya, yaani kufichua kosa la kweli kwa wasiolijua bila sababu ya haki, na kusingizia, yaani kusema uongo unaoharibu jina la mtu. Wengi wetu hujitetea kwa kusema, "Lakini ni kweli." Ukweli wa jambo unakuondoa kwenye kusingizia tu. Kusengenya kunabaki palepale.

Ni jambo la aina gani?

Kama safu ya kwanza ina kitu, au ya pili ina shahidi anayetajika, jiulize unachokishika ni nini. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu wanaweka mambo manne kwenye gunia moja lililoandikwa "ushoga".

La kwanza ni mwelekeo: padre anavutiwa na wanaume, basi. Hilo si tendo wala si kosa la kushtakiwa katika Sheria za Kanisa. Katekisimu (2357 hadi 2359) inafundisha kwamba matendo ya ngono ya jinsia moja hayaruhusiwi, na papo hapo inaagiza kwamba watu wenye mwelekeo huo wapokelewe kwa heshima na huruma, bila ubaguzi usio wa haki. Kanuni 220 ya sheria hizo inakataza kuharibu jina jema la mtu na kuingilia faragha yake. Barua ya kumshtaki padre kwa mwelekeo haina pa kuandikiwa.

La pili ni tendo kati ya watu wazima waliokubaliana. Padre wa Kanisa la Kilatini amejifunga kwa useja chini ya kanuni 277, na akiuvunja amevunja, awe na mwanamke au na mwanamume. Kipimo kiwe kimoja. Zipo parokia ambazo padre anajulikana ana watoto wawili mjini na waumini wanamchangia ada zao kwa siri, lakini tetesi ya kijana mmoja inawatoa watu barabarani. Kama ungenyamaza kwa lile, jiulize kwa dhati unachokitetea kwa hili ni useja au ni chuki yako.

La tatu ni kulazimisha, kutisha, au kutumia cheo: mlezi na mseminari, padre na mfanyakazi wake, padre na muumini anayemtegemea. Hapa mtu mzima "kukubali" hakutoshi kulimaliza jambo.

La nne ni mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18.

Papa Fransisko aliyatenganisha mambo haya tarehe 28 Julai 2013, ndani ya ndege akitoka Rio de Janeiro. Mwandishi wa habari alimuuliza kuhusu monsinyori, yaani padre mwenye cheo cha heshima, ambaye Papa alimpa kazi katika benki ya Vatikano, na ambaye magazeti yalikuwa yamemwandika vibaya. Papa alianza kwa kusema amefanya uchunguzi wa awali kama Sheria za Kanisa zinavyotaka, na haukukuta lolote kati ya yaliyodaiwa. Akaeleza kuwa dhambi ni jambo moja na jinai ni jingine, na kuwadhulumu watoto ni jinai. Ndipo akasema kuwa mtu akiwa shoga, akamtafuta Bwana kwa nia njema, yeye ni nani hata amhukumu. Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyozunguka dunia. Kwa kiongozi wa jumuiya, ile ya kwanza ina kazi zaidi: uchunguzi ulifanywa na mwenye mamlaka, ukaisha, na matokeo yakaheshimiwa.

Ikiwa ni mtoto, acha kila kitu ufanye haya

Usianze uchunguzi wako. Usimhoji mtoto mara tatu mbele ya mashangazi. Msikilize mara moja, mwambie umemwamini, andika maneno yake kama alivyoyasema. Usimpigie padre simu kumuuliza. Usikubali kikao cha "kuyamaliza kifamilia".

Kama tendo ni la siku hizi, mfikishe hospitali mapema kadiri iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi baada ya hapo. Usimwogeshe kwanza. Nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Zikiwekwa kwenye mfuko wa nailoni huoza na ushahidi ukapotea. Toa taarifa polisi: Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya polisi ya matibabu ni PF3, Kenya ni P3. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, nayo inapatikana Tanzania, Kenya na Uganda. Jimbo unaliarifu pia, lakini si badala ya polisi.

Na usiliite jambo hili ushoga. Wasichana wanadhulumiwa na wavulana wanadhulumiwa. Ukiliita hivyo, mvulana aliyeumizwa anaogopa kusema asije akaitwa shoga yeye, na mdhalimu anapata pa kujificha.

Barua inavyoandikwa

Kwa jambo la pili, la tatu na la nne, anayeandikiwa ni Askofu wa jimbo. Hati ya Papa *Vos estis lux mundi* (2019, ikarekebishwa 2023) inataka kila jimbo liwe na mahali panapojulikana pa kupokea taarifa za dhuluma za kingono. Uliza kuria, yaani ofisi kuu ya jimbo, jina la mhusika, huna haja ya kusema unataka kumshtaki nani. Hati hiyo inataka taarifa iwe na wakati, mahali, waliohusika na wanaojua, na mazingira yanayosaidia kupima ukweli. Pia inakataza mtoa taarifa kulipiziwa kisasi au kulazimishwa kunyamaza.

Barua mbaya inasomeka hivi: "Baba Askofu, sisi waumini tumechoka, paroko wetu ni shoga na ushahidi tunao, tunaomba aondolewe." Haina tendo, haina siku, na "sisi" ni nani hajulikani. Barua nzuri ni fupi na kavu:

"Jumamosi ya tarehe fulani, saa tatu usiku, nikiwa mlinzi wa zamu katika nyumba ya mapadre, nilisikia kijana (jina) akilia. Alinieleza kwamba (maneno yake). Aliyekuwepo pia ni (jina). Sikuona kilichotokea chumbani. Sijamwambia mtu mwingine. Namba yangu ni hii."

Tazama sentensi ile, "Sikuona kilichotokea chumbani." Mwandishi anayesema alichokiona na asichokiona huaminika haraka kuliko aliyejaza kurasa nne.

Tia sahihi. Barua isiyo na jina haitupwi moja kwa moja. Mwongozo wa Vatikano wa 2020 kuhusu kesi za watoto unasema hivyo waziwazi. Lakini anayechunguza hana wa kumrudia kwa swali, na nyingi huishia hapo. Weka kwenye bahasha iliyofungwa, iandikwe "Siri, kwa Baba Askofu mwenyewe". Ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usipeleke nakala kwa halmashauri, parokia jirani, wala redio.

Askofu akiona taarifa ina sura ya ukweli, kanuni 1717 inamtaka achunguze, na aangalie uchunguzi wenyewe usichafue jina la mtu. Tangu sheria ya adhabu ya Kanisa irekebishwe mwaka 2021, kanuni 1321 inasema wazi kuwa mtu huhesabiwa hana kosa mpaka ithibitike. Kwa hiyo usitegemee tangazo la Jumapili. Padre anaweza kuondolewa parokiani kwa muda kesi ikiendelea, na hiyo si hukumu. Usiitangaze kama hukumu. Kama ni dhuluma na anayelalamikiwa ni askofu mwenyewe, au ameizima taarifa, andika kwa Balozi wa Papa. Wapo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kinshasa.

Frateri anayekaribia daraja

Jina la mtahiniwa likisomwa kanisani kabla ya ushemasi au upadre, waumini wanaombwa waseme wakijua kizuizi. Kanuni 1043 inalifanya hilo kuwa wajibu, na wa kuambiwa ni paroko au askofu. Vizuizi vyenyewe vimeorodheshwa katika kanuni 1041 na 1042, kwa mfano kuwa na mke, au kuhusika na mauaji au utoaji mimba. Mwelekeo wa jinsia moja haumo. Huo unapimwa upande mwingine, yaani kufaa kwa mtahiniwa, kazi ya gombera (mkuu wa seminari) na askofu. Maagizo ya Vatikano ya Novemba 2005, yaliyorudiwa mwaka 2016, yanasema wasipokelewe wanaotenda ushoga, wenye mwelekeo uliokita mizizi, au wanaounga mkono utamaduni wa ushoga. Kama lilikuwa jambo la kupita, kwa mfano la ujana, liwe limeshindwa angalau miaka mitatu kabla ya ushemasi.

Kwa muumini maana yake ni hii: sema matendo uliyoyaona, mwachie gombera kupima mwelekeo. Sema mapema. Kati ya ushemasi na upadre lazima ipite angalau miezi sita, na barua inayofika wiki ya sherehe, ng'ombe ameshanunuliwa, husomwa kama husuda, mara nyingi kwa haki. Padre akishawekewa mikono, mwelekeo wake haubatilishi misa wala kitubio ulichopata kwake.

Akikuambia mwenyewe

Inatokea: padre anamwamini mtu, anamweleza kwamba anavutiwa na wanaume. Usimpeleke kwa askofu, usimwambie mwenzi wako, usimwombee kwa sauti kwenye jumuiya ukidhani umeficha jina. Mwulize mambo mawili: kama ana kiongozi wa kiroho anayemwambia ukweli, na kama ana padre mwenzake wa kula naye. Upweke wa nyumba ya mapadre ya kijijini umeangusha wengi, wenye kuvutiwa na wanawake na wenye kuvutiwa na wanaume.

Kumbuka nchi uliyomo. Tanzania, Kenya na Uganda zinaadhibu ngono ya jinsia moja kwa kifungo, na sheria ya Uganda ya 2023 ni kali kuliko zote. Neno ulilolitupa kijiweni linaweza kumfikisha mtu rumande au mikononi mwa kundi lenye mawe. Januari 2023, siku chache kabla ya safari yake ya Kongo na Sudan Kusini, Papa Fransisko alisema kwamba kuwa shoga si jinai, na kwamba kukosa upendo kwa mwenzako nako ni dhambi.

Kama umeshalisema

Katekisimu, namba 2487, inadai malipizi. Kuungama peke yake hakutoshi. Rudi palepale uliposema. Kama ni kwenye kundi la WhatsApp, andika humo humo, maana kufuta ujumbe baada ya wiki hakumfikii aliyekwisha kuusambaza: "Nilichoandika kuhusu Padre sikuwa na uhakika nacho. Naomba mkifute na mliotuma kwingine muwaambie hivyo." Ikiwa ulimshtaki padre kwa uongo mbele ya wakuu wa Kanisa kwamba alikushawishi dhambi ya uzinzi katika kitubio, kanuni 982 inamzuia muungamishi kukuondolea dhambi mpaka uyakanushe rasmi mashtaka hayo na uwe tayari kufidia madhara.

Kama ulichosema kilikuwa kweli, huwezi kukanusha; ungeongeza uongo. Waendee uliowaambia, mmoja mmoja, useme: "Lile halikuwa langu kulisema, na ninaomba liishie kwako." Kisha yale mema ya padre huyo unayoyajua, yaseme mahali pale ulipomvunjia jina.