Marehemu hakuacha wosia: namna ya kufungua, kusimamia na kufunga mirathi Tanzania Bara

Katika familia nyingi, habari ya mali ya marehemu huanza kuzungumzwa siku ya kuanua matanga, wakati ndugu waliotoka mbali wanajiandaa kurudi makwao na kila mmoja anataka kuondoka akijua nani amebaki na nini. Nguo na viatu vya marehemu hugawiwa papo hapo, na hilo halina ubaya. Ubaya huanza pale ambapo katika kikao hichohicho nyumba, shamba, gari na kadi ya benki hukabidhiwa mtu mmoja ashike kwa niaba ya ukoo, kisha miaka inapita bila mtu yeyote kwenda mahakamani. Kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza, kusuluhisha na kufariji, lakini hakina uwezo wa kisheria wa kuhamisha mali ya mtu aliyefariki. Uwezo huo anao msimamizi wa mirathi peke yake, na msimamizi huteuliwa na mahakama.

Kuchelewa kuna gharama yake. Sheria ya Ukomo inaweka miaka 12 ya kudai ardhi, na kwa ardhi ya marehemu aliyekuwa akiimiliki hadi kufa kwake muda huo huanza kuhesabiwa tangu siku aliyofariki, si tangu siku msimamizi alipoteuliwa. Aidha, anayeomba usimamizi Mahakama Kuu baada ya miaka mitatu kupita hutakiwa aeleze katika maombi yake sababu ya kuchelewa. Kwa hiyo mjane anayeambiwa asubiri kwanza watoto wakue anaambiwa jambo linaloweza kumgharimu nyumba.

Jueni kwanza ni sheria ipi inayotumika

Hili ndilo swali ambalo familia nyingi hulikwepa, na ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine: mahakama ya kwenda, warithi ni akina nani, na kila mmoja anapata kiasi gani. Tanzania Bara haina sheria moja ya urithi kwa watu wote. Kuna sheria ya Kiislamu, kuna sheria ya mila, na kuna sheria ya Bunge inayotumika kwa Wakristo na wengine ambao maisha yao hayakufuata mila wala Uislamu, ambayo kwa upande wa mgawanyo bado hutegemea Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 iliyoletwa wakati wa utawala wa Waingereza.

Mahakama huchagua kati ya hizo kwa kuangalia namna marehemu alivyoishi na kile alichoonyesha kwamba alikikusudia. Kabila lake halitoshi kuamua jambo hilo. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua kwamba mirathi ya Mngoni Mkristo, aliyeishi Dar es Salaam mbali na desturi za ukoo wake na kuoa mke wa kabila jingine, isigawanywe kwa mila. Kwa hiyo kusanyeni mapema ushahidi wa maisha yake: cheti cha ndoa na aina ya ndoa hiyo, mahali alipoabudu, alipoishi, alivyowalea watoto, kama alishiriki matambiko ya ukoo au alijitenga nayo.

Ili tofauti ionekane, tuchukue mfano. Mwanamume amefariki akaacha mke mmoja, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, mali iliyobaki ina thamani ya shilingi 48,000,000.

Kwa sheria ya Kiislamu, mke hupata thumni, yaani moja ya nane, kwa sababu marehemu ameacha watoto. Hiyo ni shilingi 6,000,000. Mama hupata sudusi, moja ya sita, ambayo ni shilingi 8,000,000. Shilingi 34,000,000 zinazobaki ni za watoto, mwanamume akipata mafungu mawili kwa fungu moja la mwanamke, kwa hiyo kila mtoto wa kiume anapata 13,600,000 na wa kike 6,800,000. Kama marehemu asingeacha mtoto, mke angepata robo. Mume aliyefiwa na mke hupata robo kukiwa na watoto na nusu wasipokuwapo. Jambo ambalo huwashtua wengi wakati wa msiba ni kwamba, kwa sheria hii, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, kwa hiyo mke ambaye alibaki katika dini yake anaweza kukosa fungu la urithi hata kama ameishi na mumewe miaka mingi.

Kwa Sheria ya Urithi ya India, mjane hupata theluthi moja, yaani shilingi 16,000,000, na theluthi mbili zinazobaki hugawanywa sawa kwa watoto wote bila kujali jinsia, takriban shilingi 10,667,000 kwa kila mmoja. Mama wa marehemu hapati fungu kwa kuwa watoto wapo. Pasipokuwa na watoto lakini kuna ndugu wa damu, mjane hupata nusu.

Kwa sheria ya mila iliyotangazwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, ambayo inahusu makabila yanayofuata upande wa baba, mtoto wa kiume wa kwanza ndiye mwenye fungu kubwa kuliko wote, wavulana wengine wanamfuata, na mabinti huwa daraja la mwisho. Mjane hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha watoto au ndugu wa ukoo wake. Kanuni inasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wanaofuata upande wa mama, kama Waluguru, wana utaratibu wao na hawafungwi na tangazo hilo.

Sioni njia ya kuitetea kanuni hiyo ya mila inayowaweka nyuma wajane na mabinti, na siko peke yangu. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawasawa na mwanamume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili waliotolewa katika nyumba zao kwa kutumia kanuni hizo za mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Mjane au binti anayeambiwa kwamba mila haimpi kitu asikubali hapo kwa hapo. Ayaweke mambo haya mbele ya hakimu.

Mahakama ya kwenda

Ikiwa sheria inayotumika ni ya Kiislamu au ya mila, shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu alipofariki. Si pale alipozikwa, wala si kijijini alikozaliwa, na makosa ya namna hii yamesababisha usimamizi kufutwa baada ya mali kugawanywa. Mirathi isiyofuata mila wala Uislamu hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kwa kutegemea thamani na mazingira ya mali. Zanzibar ina utaratibu wake, wenye Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa hiyo maelezo haya hayaihusu.

Nyaraka za kuandaa

Anzeni na cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Kifo hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na kibali cha mazishi hakichukui nafasi ya cheti. Hakikisheni majina kwenye cheti yanalingana na yale ya hati ya nyumba, akaunti ya benki na kitambulisho, kwa sababu herufi moja iliyokosewa inaweza kuzuia malipo kwa miezi.

Pamoja na cheti, mahakama kwa kawaida huomba muhtasari wa kikao cha familia au ukoo wenye majina na sahihi za waliohudhuria, unaomtaja mtu aliyependekezwa kuwa msimamizi. Muhtasari huu ni mazoea yenye faida, kwa kuwa unamwonyesha hakimu kwamba familia inajua kinachoendelea. Hata hivyo, mjane ambaye shemeji zake wanakataa kuketi kikao asidhani mlango umefungwa. Anaweza kuomba mwenyewe, akaeleza kwamba kikao kilishindikana, na mahakama ikawaita hao wanaopinga waseme sababu zao.

Andikeni orodha ya warithi wote bila kumficha yeyote, wakiwemo watoto waliozaliwa nje ya ndoa na mimba ambayo mjane anayo. Haki ya mtoto wa nje ya ndoa hutofautiana kwa sheria. Kwa Uislamu humrithi mama yake na si baba. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya kadiri ya mali ya mzazi wake, na mahali pa kubishania jambo hilo ni mahakamani. Mwanamke asiye na cheti cha ndoa naye asikate tamaa, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kudhania kuwapo kwa ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika katika jamii kama mume na mke, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Orodha ya mali inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu si kila kilichokuwa nyumbani ni cha marehemu. Ndoa yenyewe haihamishi mali ya mke kwenda kwa mume. Shamba alilolinunua mke kwa jina lake, biashara yake na fedha zake havigawiwi na mtu. Kama hati ya ardhi inaonyesha wanandoa waliimiliki kwa pamoja bila mafungu, aliyebaki hai ndiye anayebaki nayo. Kama kila mmoja alikuwa na fungu lake, ni fungu la marehemu tu linaloingia kwenye mirathi. Mjane ayaseme haya tangu siku ya kwanza, kabla mali haijaorodheshwa yote kwa jina la mumewe.

Kutoka maombi hadi uteuzi

Maombi katika Mahakama ya Mwanzo hujazwa kwenye Fomu Namba I. Mahakama hutoa tangazo lenye tarehe ya kusikilizwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku hiyo hakimu huwahoji mwombaji na warithi, na akiridhika humteua msimamizi na kumpa barua ya uteuzi, Fomu Namba IV. Msimamizi anaweza kuwa mmoja au zaidi. Pale penye wake wawili au watoto wa mama tofauti, ningeshauri kila nyumba iwe na mtu wake. Familia ikiwa haina mtu anayeaminiwa na pande zote, Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali aliyeko RITA, anaweza kuombwa asimamie.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ikiwa tatizo limejitokeza baadaye, kwa mfano msimamizi amekula kodi za nyumba, ombi la kumwondoa hupelekwa katika mahakama ileile iliyomteua.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi si mrithi mkuu wala mwenye mali. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini barua ya uteuzi haimwongezei hata shilingi moja. Kazi yake ni kukusanya mali na kudai waliokopeshwa na marehemu, kisha kulipa gharama za mazishi, madeni na gharama za usimamizi, na baada ya hapo tu kugawa kilichobaki. Kwa barua hiyo atakwenda benki, kwa mwajiri, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na kwenye kampuni ya simu kama marehemu aliacha fedha humo. Katika Mahakama za Mwanzo, fedha za benki mara nyingi hupitishwa kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama na kulipwa warithi kutoka hapo. Utaratibu huu huonekana kama usumbufu, lakini umewaokoa watoto wengi.

Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha Fomu Namba V yenye mali na madeni yote, na baadaye Fomu Namba VI yenye hesabu ya mgawanyo. Katika Mahakama za Wilaya na Mahakama Kuu, orodha ya mali huwasilishwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Muda ukiwa hautoshi, aombe nyongeza kabla haujaisha. Mrithi yeyote anaweza kwenda masjala kuuliza kama fomu hizo zimewasilishwa, na asione haya kufanya hivyo hata kama msimamizi ni kaka yake.

Kwa ardhi yenye hati, msimamizi kwanza husajiliwa kwa Msajili wa Hati kama mwakilishi wa marehemu, ndipo ahamishe umiliki kwa mrithi. Wengi huishia hatua ya kwanza, jina la msimamizi likabaki kwenye hati miaka yote, na naye akifa watoto wake hudhani nyumba ni ya baba yao. Kwa hiyo warithi wafuatilie mpaka hati itoke kwa majina yao, hesabu ya mwisho ipokelewe na mahakama iandike kwamba mirathi imefungwa, kisha kila mmoja achukue nakala ya uamuzi huo na kuihifadhi pamoja na cheti cha kifo.