Uko jeshini na unakunywa dawa za daktari? Soma hii kabla hujaingia lindo

Mwaka wangu wa kwanza nilishikwa na mafua makali, jamaa wa kitanda cha pili akanipa vidonge viwili vidogo vya njano, nikameza saa mbili usiku na saa sita naingia lindo. Saa nane afande wa zamu ananikuta nimeegemea ukuta, silaha iko mapajani, mate yananitoka. Nikajitetea afande ni dawa ya mafua hii, akaniuliza swali moja tu: nani kakuandikia? Nikabaki natazama buti zangu. Kusinzia lindoni ni kesi tayari, na mimi nilikuwa nimejiongezea ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tangu siku ile nilielewa, jeshi halina shida na mtu anayeumwa, shida yake ni mtu ambaye hawajui kichwani na mwilini mwake kuna nini wakati kashika silaha au usukani. Kila nchi ina kanuni zake so zisome za kwenu, ila haya ninayosema hapa nadhani yatakufaa popote ulipo.

Anza na karatasi. Ukiandikiwa dawa na daktari wa nje, iwe ulikuwa likizo au ulienda kwa pesa yako, usimeze tu ukanyamaza, peleka cheti chumba cha matibabu cha kikosi waiingize kwenye faili lako, na hakikisha imeandikwa jina la dawa lenyewe, dozi, ya siku ngapi na tarehe. Usikubali "dawa ya maumivu", hiyo haitakusaidia kitu. Alafu piga picha cheti na lebo ya chupa uweke kwenye simu, mafaili yanapotea bana, hasa ukihamishwa.

Karatasi hiyo utaijua thamani yake siku ya kupimwa mkojo kutafuta dawa za kulevya. Kwa kawaida kipimo kinaenda mara mbili, cha kwanza ni cha haraka na saa zingine kinachanganya, mfano dawa ya kuzibua pua yenye sudoefedrini inaweza kuonekana kama amfetamini, ambayo ni dawa ya kulevya, kipimo cha pili cha maabara ndio kinazitenganisha. Lakini kodeini, ile dawa kali ya maumivu, ni ishu nyingine kabisa, maana ini lako linageuza sehemu yake kuwa mofini, ambayo nayo inatafutwa kwenye kipimo, kwa hiyo mofini itakayoonekana ni ya kweli, hata maabara iwe nzuri vipi haitakuokoa, kitakachokuokoa ni cheti chenye jina lako na tarehe inayoeleweka. Na tarehe ni tarehe. Vidonge vya kodeini ulivyobakiza mwaka juzi ulipong'oa jino, ukivimeza leo mgongo ukiuma, kwenye majeshi mengi hiyo inahesabika umetumia bila kibali hata kama chupa ina jina lako. Mabaki rudisha famasi.

Kupeana vidonge hapo hata sijadili. Ukimpa mwenzako tramadoli yako, dawa kali ya maumivu, kwa huruma tu, mkikamatwa mmekamatwa wawili.

Sasa kuhusu kufaa kazini. Watu wanaficha dawa wakiogopa kuandikwa hawafai, na naielewa hofu yenyewe, nani anataka kukosa kozi? Ila mara nyingi unachopewa ni cha muda, ED (ruhusa ya kupumzika kazi) siku tatu, au kazi nyepesi bila silaha na bila kuendesha, dozi ikiisha unarudi. Ukienda kwa daktari usiishie kusema naumwa hapa, mwambie kazi yako: afande mimi ni dereva, mimi nina lindo usiku, kesho tuna matembezi ya kilomita 20 na mzigo. Daktari anaweza kukubadilishia. Dawa za aleji za zamani zinalaza lakini zipo kama loratadini ambazo hazilazi watu wengi. Siprofloksasini inaua bakteria vizuri tu ila inaweza kudhoofisha kano za nyuma ya kisigino mpaka zikakatika, sasa wewe unataka kuimeza wiki ya kukimbia na begi? Doksisaiklini, antibiotiki inayotumika pia kuzuia malaria, imeze na maji mengi umekaa wima, usilale hapo hapo itakuunguza koo, na jua litakuchoma kuliko kawaida so vaa mikono mirefu. Ibuprofeni huku huna maji mwilini ni kuyatesa mafigo. Dawa za aleji zile zile za zamani zinapunguza jasho, na mtu asiyetoka jasho mchana wa jua kali anaweza kuanguka kwa joto. Marubani na wazamiaji ndio wanabanwa zaidi, wao hata kidonge cha duka wanauliza kwanza.

Kosa lingine baya ni kuacha dawa ghafla kwa sababu usaili wa afya umekaribia. Dawa za kifafa, za msongo, baadhi za presha, hizo haziachwi kienyeji, unaweza kuangukia hapo hapo mbele ya jopo. Na kwa anayejiunga, usidanganye kwenye fomu, maradhi unaweza kupimwa ukaambiwa subiri au unafaa, ila uongo ukigundulika baadaye unafukuzwa kwa uongo, ugonjwa hata hautatajwa.

Mkitumwa mbali, anza mapema. Dawa mpya ijaribie ukiwa kambini, sio porini. Meflokwini ya kuzuia malaria ilitokana na utafiti wa jeshi lenyewe la Marekani, askari wengi wakaitumia, lakini mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya huko iliiwekea onyo lake zito kabisa kwa sababu ya kizunguzungu, masikio kuvuma na kuvurugika akili, na mwaka huo huo vikosi maalumu vyao vikaambiwa viache. Ndio maana ukipewa kitu kama hicho unaanza wiki mbili tatu kabla, ukianza kuota ndoto za ajabu au kuogopa ogopa bila sababu unasema siku hiyo hiyo.

Hesabu dozi za safari nzima na akiba ya kuchelewa, gawa mara mbili, nusu begi kubwa nusu mwilini, kwenye chupa zake zenye lebo na sio kwenye kimfuko cha nailoni. Kama dawa yako inataka ubaridi, mfano insulini, uliza kabla ya kusaini chochote huko mnakokwenda friji ipo na jenereta inawashwa saa ngapi, na jibu la "itakuwepo" usilichukue, mwambie anayekujibu akuandikie.