Mifumo ipi ihakikiwe? Mwongozo wa kuomba cheti cha LEED kwa wenye majengo Arusha

Ukitaka cheti cha LEED, yaani cheti cha kimataifa cha majengo yanayojali mazingira, kwa hoteli au ofisi unayojenga Arusha, kuna sharti moja lisilokwepeka: utendaji wa mifumo ya jengo lazima uhakikiwe. Mtu asiyekuwa na mkono katika ufungaji awashe, apime, na athibitishe kwamba kilichofungwa kinafanya kazi kama mwenye jengo alivyoagiza. Sharti hili halikupi alama hata moja, lakini usipolitimiza ombi zima linakataliwa, hata kama umeshafikisha alama 40 za daraja la chini kabisa.

Wengi hukwama kwenye swali la mifumo ipi. Huchukua orodha ya jengo la mji wa joto, lililojaa viyoyozi, kisha wanasema, "Mimi sina viyoyozi, nihakiki nini?" Ni kweli Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ofisi nyingi hutosheka na madirisha. Lakini bado una mengi ya kuhakiki.

Anza na mhakiki mwenyewe. Kwa LEED toleo la 4, ambalo ndilo mwongozo huu unalifuata, anatakiwa awe ameingia kazini kabla hatua ya kuendeleza michoro haijaisha, na awe na uzoefu wa miradi isiyopungua miwili inayofanana na wako. Ukimwita wakati mafundi wanapaka rangi, umechelewa.

Kisha andika mahitaji yako, kwa lugha ya kawaida: maji ya moto yapatikane saa ngapi, umeme ukikatika nini kiendelee kuwaka, nani atakayeendesha mitambo. Mhandisi naye aeleze kwa maandishi atayatimizaje. Mhakiki atapima kwa karatasi hizo mbili, kwa hiyo usimwachie mkandarasi aziandike.

Sasa orodha. Kaeni na BOQ, ile orodha ya vifaa na kazi zote za ujenzi pamoja na bei zake, mpite mstari kwa mstari, na kila kifaa kiulizwe: kinagusa nishati, maji, hali ya hewa ya ndani, au uimara wa jengo? Kikigusa, kiingie. Kwa majengo ya hapa maana yake ni pampu ya kisima na ile ya kupandishia maji kwenye tanki la juu, hita za maji za sola, paneli, inveta na betri, jenereta na swichi yake ya kubadilishia umeme, taa pamoja na vihisio vyake, feni za jikoni na vyooni, na chumba cha baridi kama unacho. Visima vingi vya ukanda huu vina floridi nyingi. Ukifunga mtambo wa kuchuja wa aina inayomwaga sehemu ya maji, uweke kwenye orodha na upime unamwaga kiasi gani.

Hita za sola ndizo ningezitilia mkazo kuliko vyote. Niliwahi kuingia nyumba moja ya wageni ambayo mwenyewe alilalamikia bili ya umeme ilhali paa lake limejaa sola. Koili ya umeme ya akiba ilikuwa inawaka usiku na mchana kwa sababu hakuna aliyeseti saa yake. Jaribio la nusu siku lingeligundua hilo kabla hajapokea mgeni wa kwanza.

Paa, kuta na madirisha hupitiwa kwenye mahitaji na usanifu tu. Ukitaka vihakikiwe kwa kina, ni alama 2 za hiari. Lifti na kamera za ulinzi si lazima. Ving'ora vya moto navyo si lazima kwa sharti hili, ingawa Zimamoto watavikagua kwa taratibu zao.

Orodha ikikubaliwa, mhakiki huandaa mpango, fomu za ukaguzi wa ufungaji na taratibu za majaribio. Kila kasoro iandikwe kwenye daftari la kasoro hadi irekebishwe. Ripoti ya mwisho hupakiwa LEED Online, tovuti ya kupelekea maombi, pamoja na mpango wa uendeshaji na matunzo.

Ukichagua uhakiki wa kina, wenye alama 3 au 4 zaidi, mhakiki hurudi miezi 10 baada ya jengo kukamilika. Jengo likiisha Septemba, ziara hiyo itaangukia Julai, baridi ikiwa kali na mawingu yametanda, na hapo ndipo hita ya sola hupata jaribio lake la kweli.