Bima ya dhima kwa mwenye trekta anayewalimia majirani

Mvua za kwanza zikishaanguka hapa Kiteto, mkoani Manyara nchini Tanzania, mwenye trekta hapati usingizi. Majirani hubisha hodi kabla ya alfajiri, kila mmoja akitaka ekari zake zilimwe kabla udongo haujakauka, na katika haraka hiyo ni nadra mtu kuuliza nani atalipa ikiwa trekta litaharibu mali au kumjeruhi mtu likiwa kazini kwenye shamba lisilo la mwenye trekta. Mwongozo huu unahusu swali hilo, na bima ya dhima, yaani ile inayolipa hasara unayowajibika kumlipa mtu mwingine. Unamlenga mwenye trekta moja au mawili, au pawatila, au mashine ya kupukuchua mahindi, ambaye hulima shamba lake kwanza kisha huwafanyia wengine kazi kwa malipo.

Nilijifunza jambo hili kwa gharama. Msimu mmoja nilikuwa namlimia jirani ekari tatu zilizopakana na nyumba yake. Disiki ya nyuma ilinasa bomba la plastiki la inchi moja, lililofukiwa kina cha shubiri moja tu, ikalivuta kutoka ardhini huku dereva akiwa hajui lolote, hadi koki iliyokuwa ukutani ikang'oka pamoja na tofali mbili. Tulipozima injini tulisikia maji yakimwagika ndani ya chumba alimoweka magunia ya mbegu. Bima ya trekta langu ilikuwa hai, nami nikapeleka madai nikiwa na matumaini. Kampuni ilinijibu kwa barua ya aya mbili: bima niliyonayo ni ya ajali za barabarani, na mkataba unataja matumizi ya shamba langu mwenyewe, si kazi za kulipwa. Niliisoma upya hati yangu nikakuta maneno hayo yameandikwa tangu siku ya kwanza, lakini sikuwahi kuyasoma. Nililipa kwa fedha za alizeti.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua ulichonacho sasa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto kinachotumika barabarani kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani yule asiye wewe wala kampuni ya bima. Hiyo ndiyo wengi wetu tunaiita bima ndogo. Trekta likivuka barabara ya Kibaya na kumgonga mwendesha bodaboda, bima ndogo ina kazi. Likiwa katikati ya shamba la jirani, jembe likiwa chini ya udongo, huenda haina kazi kabisa, kwa sababu shamba la mtu si barabara, na kwa sababu mikataba mingi ya magari huondoa hasara inayotokea chombo kikiwa kinatumika kama kifaa cha kazi badala ya kuwa chombo cha safari. Bima kubwa nayo huongeza ulinzi wa trekta lenyewe dhidi ya wizi, moto na ajali, lakini peke yake haifuti masharti hayo mawili. Aliyechukua trekta kwa mkopo ahadhari zaidi hapa, maana bima kubwa aliyolazimishwa kukata inalinda kwanza fedha za mkopeshaji.

Usichanganye pia bima ya dhima na bima ya kilimo. Konsotia ya Bima ya Kilimo Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2023, inashughulikia mazao na mifugo ya mkulima dhidi ya majanga kama ukame. Haihusiki na bomba la jirani ulilolivunja wewe.

Chukua hati yako, si stakabadhi ya malipo, utafute sehemu inayotaja mipaka ya matumizi. Ukikuta imeandikwa kwamba chombo ni kwa shughuli za kilimo za mwenye bima, au kwamba hakitatumika kwa kukodishwa au kwa ujira, fahamu kwamba ekari ya kwanza ya jirani inakutoa nje ya mkataba. Wengi hujitetea kwa kusema kuwa jirani alichangia dizeli tu. Mimi nisingejenga nyumba juu ya utetezi huo. Dizeli ni thamani, gunia la mahindi baada ya mavuno ni thamani, na hata siku ya kibarua cha kubadilishana inaweza kuhesabiwa kuwa malipo na mtu anayetafuta sababu ya kukataa madai. Iandikie kampuni, eleza unavyolipwa kwa ukweli wote, kisha subiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo la wakala, hata akiwa mwema kiasi gani, halitakusaidia siku ya shauri.

Ukishajua upungufu wako, nenda kwa wakala, broka au kampuni yenyewe ukaombe mambo mawili tofauti, kwa sababu moja halichukui nafasi ya jingine. La kwanza ni kubadilishwa kwa matumizi kwenye bima ya trekta ili yataje kazi za kulima, kupiga haro, kupanda, kuvuta tela na nyinginezo kwenye mashamba ya watu wengine kwa malipo. La pili ni bima ya dhima kwa umma, inayolipa fidia pale shughuli zako zinapomsababishia mtu jeraha, kifo au uharibifu wa mali na sheria ikakutaka uwajibike. Orodhesha kila kifaa, pamoja na kile unachokitumia wiki moja tu kwa mwaka. Mashine ya kupukuchua inayozungushwa na shafti ya trekta ina hatari kubwa kuliko jembe: koti la kibarua au ncha ya khanga ikigusa shafti isiyo na kifuniko, mtu huvutwa kabla hujafika kwenye kizimio. Kampuni isipoambiwa kuwa unayo mashine hiyo, itakuwa na haki ya kusema haikukubali hatari hiyo.

Taja pia ni nani anayeendesha. Mikataba humtambua dereva aliyeruhusiwa na mwenye leseni ya daraja linaloruhusu trekta. Ukimwazima jirani trekta aendeshe mwenyewe, au kijana wako wa shule ya sekondari akashika usukani kwa sababu dereva anaumwa, hali imebadilika. Trekta likiwa la kikundi au la chama cha ushirika, jina la kikundi ndilo liwe kwenye hati, si la mwenyekiti.

Sasa soma yaliyoondolewa. Hapa ndipo bima ya dhima huwaangusha wengi, nami naomba usome sehemu hii taratibu, kalamu mkononi.

Kwanza, bima ya dhima kwa kawaida hailipi ubovu wa kazi yenyewe. Ukilima kina kifupi, ukaacha mapande, au ukachelewa kupiga haro hadi mbegu za jirani zikakosa mvua, hayo ni mambo yenu ya mkataba. Mikataba mingi pia huondoa mali ile hasa unayoifanyia kazi au iliyo chini ya uangalizi wako: mahindi ya jirani yanayopondeka ndani ya mashine yako ya kupukuchua huenda yasilipwe, ilhali ghala lake lililoungua kwa cheche za ekzosi yako likalipwa. Uliza tofauti hiyo kwa mifano ya kazi zako mwenyewe, umwombe afisa wa bima akuandikie jibu.

Pili ni dawa. Anayepulizia majirani dawa ya magugu kwa trekta anahitaji maelezo ya peke yake. Dawa yenye 2,4-D haiui mahindi, lakini alizeti huathirika kwa kiasi kidogo mno kinachopeperushwa na upepo. Majani hujikunja, shina hupinda, na shamba la mtu wa tatu ambaye hakukuita kabisa linaharibika. Mikataba mingi huondoa uchafuzi na madhara ya kemikali, au huyakubali yakiwa tu ya ghafla na yasiyotarajiwa. Kama huna kifungu kinachotaja upuliziaji, usipulizie kwa malipo.

Tatu, wafanyakazi wako mwenyewe hawamo. Dereva na utingo si umma mbele ya bima hii. Mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya Sheria ya mwaka 2008. Fika ofisi yao uulize namna ya kuwaingiza watu wako wa msimu. Nao wanaodandia madigadi kwenda shambani wasipande, kwa kuwa kiti cha trekta ni kimoja.

Nne ni ahadi. Ukimwambia jirani, au mbaya zaidi ukaandika, kwamba chochote kitakachoharibika utakilipa, umejibebesha dhima kubwa kuliko ile ya kisheria, na mikataba mingi haifuati ahadi za namna hiyo.

Kuhusu kiasi cha bima, usipime kwa thamani ya bomba. Pima kwa mtu aliyekatika mkono, mwenye watoto wanne, na gharama za rufaa hadi hospitali ya kanda. Uliza kiwango cha juu kwa tukio moja na kwa mwaka mzima, kwa kuwa madai mawili katika msimu mmoja yanaweza kumaliza kiwango cha mwaka. Uliza pia sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe, ambayo madalali huiita eksesi. Ada ikiwa ndogo kupita kiasi, mara nyingi eksesi ndiyo imepandishwa. Lipa ada yote kabla ya kuanza kazi na upate stakabadhi, kisha hakiki bima ya trekta kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Hati ya dhima ihakiki kwa kampuni yenyewe, si kwa aliyekuuzia tu.

Bima ikishakaa sawa, kazi ya shambani nayo inabadilika kidogo. Kabla ya kuteremsha jembe, zunguka shamba kwa miguu pamoja na mwenye shamba. Muulize bomba limepita wapi, shimo la choo cha zamani liko wapi, bikoni za mipaka zimekaa wapi, waya wa kushikilia nguzo ya umeme umefungwa wapi, na kama kuna makaburi yasiyojengewa. Swali la makaburi huulizwa kwa sauti ya chini, lakini liulizwe. Hakuna fidia inayorudisha heshima ya kaburi lililopitiwa na disiki. Piga picha za simu za kingo za shamba, nyumba na miti. Kisha andikeni kwenye daftari tarehe, ukubwa wa eneo, kazi itakayofanyika, bei, vitu alivyokuonyesha, na nani atakayewazuia watoto na mifugo wasikaribie. Wote wawili muweke sahihi. Mzee mmoja aliniambia kwamba daftari hilo linamfanya ajione haaminiwi. Nilimjibu kwamba siku utingo wangu atakapobomoa banda lake, karatasi hiyo ndiyo itakayomlipa yeye, wala sikusema uongo.

Ajali ikitokea, zima injini kwanza, umhudumie aliyeumia, na hakikisha anapata fomu ya PF3 ya polisi. Toa taarifa kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo, hata kama huna maelezo kamili, kwa sababu mikataba huweka muda mfupi na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Piga picha kabla kitu hakijasogezwa, andika majina ya walioona, umwite mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, na usitengeneze kilichoharibika mpaka mkadiriaji hasara aone, isipokuwa kama kukiacha ni hatari.

Jambo gumu zaidi ni la maneno. Bima inakukataza kukiri kosa au kuahidi kulipa kabla kampuni haijaamua, ilhali ujirani wetu unakutaka uende ukae naye. Haya mawili yanawezekana pamoja. Nenda, mpe pole, peleka maji, msindikize mgonjwa zahanati, lala hospitali ikibidi. Kusema pole si kukiri kosa. Usichofanya ni kuandika au kutamka mbele ya mashahidi kwamba kosa ni lako na utalipa kiasi fulani. Mwambie waziwazi: ndugu yangu, nina bima kwa ajili ya jambo kama hili, nimeshawapa taarifa, na nitakuwa nawe mpaka lishughulikiwe. Wakikutafuta wazee wa kijiji kupatanisha, nenda, lakini waombe makubaliano ya fedha yasubiri jibu la kampuni. Hati yoyote ya wito wa mahakama ipeleke kwa kampuni bila kukaa nayo.

Kampuni ikikataa madai, dai sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba inachotegemea. Usiporidhika, unaweza kupeleka malalamiko kwa TIRA, na iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioweza kubeba gharama za kesi ndefu. Daftari lako, picha na barua zote zitunze angalau miaka sita, kwa kuwa muda wa kufungua shauri la mkataba chini ya Sheria ya Ukomo ni miaka sita, na la madhara miaka mitatu.

Mwisho, angalia tarehe ya kuisha kwa bima. Ikiwa inaangukia Januari, jembe likiwa shambani kila siku, omba ianze upya Oktoba hata kama utapoteza miezi michache ya ada uliyokwisha kulipa. Katikati ya msimu hakuna anayekumbuka tarehe, na wakala yuko mjini, kilomita nyingi za tope kutoka ulipo.