Kubadili Lita za Maji kuwa Kilogramu, na Kilogramu kuwa Lita

Mililita moja ya maji safi ina tungamo (ambalo kwa lugha ya kila siku huitwa uzito) la gramu moja, lita moja ina kilogramu moja, na mita moja ya ujazo ina tani moja. Usawa huu ulipangwa makusudi: mwaka 1795 sheria ya Ufaransa ilifafanua gramu kuwa tungamo la maji yanayojaza mchemraba wa sentimita moja kila upande, yakiwa kwenye joto la barafu inayoyeyuka. Tangu mwaka 2019 kilogramu haipimwi tena kwa maji wala kwa kipande cha metali, lakini kwa matumizi ya kawaida usawa wenyewe haujabadilika.

Hatua ya 1: Tafuta ujazo, na vipimo vyote viwe vya aina moja. Hapa ndipo wengi hupotea. Kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, mtu hudhani kwamba mita moja ya ujazo ina sentimita 100 za ujazo, ilhali urefu, upana na kimo vyote hubadilika kwa pamoja, yaani 100 × 100 × 100, nazo ni sentimita 1,000,000 za ujazo, sawa na lita 1,000. Birika la saruji lenye urefu wa sm 120 na upana wa sm 80, likiwa na maji ya kina cha sm 50, lina sentimita 480,000 za ujazo. Gawanya kwa 1,000 upate lita 480.

Kwa tangi la mviringo, zidisha 3.14 kwa nusu kipenyo mara nusu kipenyo, kisha kwa kimo cha maji. Kipenyo kikiwa mita 1.4 na kimo cha maji mita 1.5, hesabu ni 3.14 × 0.7 × 0.7 × 1.5, yaani takriban mita 2.31 za ujazo.

Hatua ya 2: Zidisha ujazo kwa densiti, yaani tungamo la kila kipimo kimoja cha ujazo; kwa maji ni kilogramu 1 kwa lita, au tani 1 kwa mita ya ujazo. Birika letu lina kilogramu 480, na tangi lina tani 2.31 za maji peke yake. Fundi anayejenga mnara wa tangi anapaswa kuijua namba hii kabla ya kuchagua nondo.

Hatua ya 3: Kurudi nyuma, gawanya tungamo kwa densiti. Njia hii hufaa sana kwa chombo kisicho na alama: mtungi mtupu ukiwa na kilogramu 3.2, na ukijazwa maji ukawa na kilogramu 15.7, tofauti ya 12.5 ndiyo ujazo wake kwa lita.

Hatua ya 4: Zingatia joto pale tu usahihi unapohitajika. Maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 20 lita moja ina gramu 998, na yakikaribia kuchemka ina gramu 958 hivi. Jikoni tofauti ya gramu mbili haina maana, ila katika maabara ina maana kubwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, lita moja ya mafuta ya kupikia nayo ni kilo moja?
Jibu: Hapana. Ni takriban gramu 920, kwa hiyo anayeuziwa kwa kilo na anayeuziwa kwa lita hawapati kiasi kilekile.

Swali: Na dumu la lita 20 la maji ya bahari?
Jibu: Kwa sababu ya chumvi, lita moja ina kilogramu 1.025 hivi, kwa hiyo ni kilogramu 20.5, bila dumu lenyewe.

Swali: Nikigandisha lita moja ya maji, uzito unaongezeka?
Jibu: Tungamo hubaki kilogramu moja, kinachoongezeka ni ujazo, unaofikia karibu lita 1.09. Ndiyo sababu chupa ya kioo iliyojazwa hadi kizibo hupasuka.

Swali: Mvua ya milimita 25 inaleta maji kiasi gani kwenye paa langu la mita 8 kwa 6?
Jibu: Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Zidisha 8 × 6 × 25 upate lita 1,200, yaani tani 1.2. Pima eneo ambalo paa linafunika ardhini, usipime mteremko wa bati, na tegemea kuvuna pungufu kidogo, kwa kuwa mengine humwagika kwenye mifereji.